Chumvi Imepanda

Siku watu wa mji walipokwenda kusherehekea ziwa lililorudishiwa maji, Bi Tunu alibaki shambani. Mtama wake ulikuwa umenyauka, na udongo umefanya ukoko mweupe. Aliumega, akauonja, akatema.

"Shoga, ziwa limejaa! Hujavaa bado?" jirani yake Somoe alimwita kutoka njiani.

"Limejaa, ndiyo. Na huku maji yamepanda kutoka chini, yakaileta chumvi yote juu. Nimechoka, Somoe."

Somoe aliingia shambani. Miaka kumi na miwili walikuwa wameyaomba maji hayo pamoja. Akavua mtandio wake mpya, akashika jembe la pili. Wakaanza kuchimba mtaro wa kuyatoa, na kila walipopiga jembe, maji yalijaa nyayoni mwao.