Kopo la Pili

Kila asubuhi ya karantini, Mwanahawa aliwaita wanawe wawili na kuwakamua utundu, kama amri ilivyotaka kwa watoto wote waliofungiwa ndani. Alibandika mrija wa kopo nyuma ya sikio, akasubiri kopo litetemeke, akalifunga. Utundu wangerudishiwa siku ya kufunguliwa. Baada ya hapo Nuhu na dada yake Zawena walikaa mkekani wakichambua choroko kama watu wazima. Hakuna aliyeruka juu ya makochi, wala jirani wa chini hakugonga dari.

Kila mtoto alikuwa amepewa kopo lake. Lakini hawa walikula sinia moja tangu wadogo, na mama yao hakuona sababu ya kuwatenganishia utundu. Aliutia wote kwenye kopo moja; la pili akawekea sukari.

Karantini ilipoondolewa, aliwakalisha pamoja, akafungua kopo. Nuhu alipiga ukelele, akapindua stuli, akateremka ngazi mbio hadi uani.

Zawena, ambaye zamani aliruka kamba hata akiwa na homa, alibaki ameketi.

"Na wewe nenda ukacheze, mwanangu."

"Nicheze nini, mama?" Aliinuka, akaisimamisha ile stuli. "Nikuoshee vyombo?"

Mwanahawa alichungulia ndani ya kopo. Lilikuwa tupu. Akalichukua lile la pili, akamwaga sukari yote mezani, akaanza kuipekua kwa vidole.

Zawena akaenda kuleta ufagio.