Mtoto wa Mbele

Kifuu cha nne kilivunjika chini ya kisigino cha Mgeni, kaa! kama vile vitatu vya mwanzo.

"Nimekosea tena, bibi."

"Umevunja kifuu, hujakosea. Rudi mlangoni, mke mwenzangu, tuanze upya."

Bi Mwamvua alikuwa amepanga vifuu vya nazi uani, mistari miwili, na mguu wa kulia wa mjukuu wake ameufunga kipande cha kanga. Mtoto yule, na miaka yake kumi na moja, hakujua kulia wala kushoto. Alizaliwa hivyo. Vikombe vilimponyoka, kwenye vizingiti vyote alijikwaa, gauni alilivaa mbele nyuma. Kwenye chuo cha Kurani wenzake walimwita Gunia. Akianguka, na hakukosa kuanguka, waliimba, "Gunia chini! Gunia chini!" mpaka maalimu ashike bakora.

Ndiyo maana Bi Kuruthumu, mkuu wa lelemama, ngoma ya wanawake wa mtaa wao pale Kariakoo, alipokuja kumwomba Mgeni acheze sikukuu ya Idd, tena acheze mbele, Bi Mwamvua alitokwa na machozi.

"Mbele, Kuruthumu? Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Mazoezi nitamfanyisha mwenyewe kwangu. Usije kuchungulia, utaniharibia."

"Lakini miguu yake, mwanangu…"

"Miguu yake nimeshaiona. Wewe mshonee gauni la manjano tu."

Wanawake wenyewe walikuwa wanashona kijani. Bi Mwamvua akaelewa: mtoto wa mbele lazima aonekane.

Dukani, Jamnadas alipima kitambaa kwa yadi, akacheka. "Manjano tena, mama? Jora la kwanza wamelimaliza watu wa Gerezani."

"Waache walimalize. Wangu ndiye wa mbele."

Gerezani nao walikuwa na lelemama yao, na hawakupikika chungu kimoja na hawa wa Kariakoo. Ila tangu mkuu wao, Sitara, apatwe na aibu uwanjani mwaka uliopita, walikuwa wamepoa. Aibu yenyewe Bi Mwamvua hakuiona. Siku hiyo alikuwa kitandani na homa, na umbea haukuwa kazi yake.

Miezi miwili ilipita hivyo. Mgeni akitoka kwa Kuruthumu, bibi naye alimchezesha uani, polepole, akigonga sufuria kwa mwiko. Mtoto akawa na kijitabia kipya: alikunja vidole, moja, mbili, tatu, akacheka peke yake.

"Unahesabu nini?"

"Siri. Bi Kuruthumu kasema nisimwambie mtu."

"Haya, siri yenu."

Mwisho wa mwezi wa mfungo, Mgeni alipita katikati ya vifuu vyote ishirini, kwenda na kurudi, hakugusa hata kimoja. Bibi alimshika mashavu. Jioni ile, wakati wa kufuturu, tende zote alimwachia yeye.

Siku ya Idd uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya mapipa. Zumari ililia, pembe za nyati zikagongwa, na safu ya kijani ikaingia taratibu. Mbele yake, peke yake, gauni la manjano. Kulia, kushoto. Mikono ya Mgeni ilielea kama kitambaa kwenye maji.

"Yule mtoto wa nani?" mtu akauliza.

"Wangu!" akasema Bi Mwamvua, kwa sauti iliyowageuza hata wa nyuma.

Ndipo mwimbishaji alipoanza wimbo mpya, na Mgeni akaanguka. Alianguka chali, pwaa, kama mzigo ulioteremshwa bandarini. Watu wakaangua kicheko.

"Inuka, mama," Bi Mwamvua alinong'ona. "Mguu wenye kitambaa. Inuka."

Akainuka. Akacheza hatua nne, safi, kama zile za kwenye vifuu. Akaanguka tena, miguu juu. Wanaume walishika mbavu. Kuruthumu hakugeuza hata shingo, na ngoma haikukosa pigo.

Bi Mwamvua alisukuma benchi, akakanyaga watu, akaingia uwanjani. Alivua kanga yake ya juu, akabaki kichwa wazi, akamfunika mtoto gubigubi, akamburura nje huku uwanja mzima unapiga kelele.

Ndani ya kanga Mgeni alirusha mateke, akalia kilio ambacho hata ile "Gunia chini!" ya miezi yote haikuwahi kumtoa.

"Niachie, bibi! Imebaki moja! Sitara alianguka mara tatu, na mimi leo sijakosea hata kidogo!"