Kima Aliyeuletea Mche Jua

Kima mwenye pupa alipanda mche wa kahawa ya msituni chini ya mti aliokuwa akilala, akarukaruka kwa furaha.

"Nikiupa jua, utazaa upesi!" akasema, akaanza kuvunja matawi ya mti ule.

"Ndugu yangu, huo ni mtoto wa kivulini," Kobe akamwonya.

"Wewe na polepole yako!" Kima akacheka, akavunja mpaka tawi la mwisho. Jua likawaka waa! Kufika adhuhuri, mche ulikuwa umenyauka.

Tai, ambaye siku zote majani yale yalimziba macho, sasa akamwona Kima peupe, akashuka kama mshale. Kima akajitupa chini ya mche uleule, akalia, "Nifunike!"

Kobe akajibu kutoka ndani ya gamba lake: "Kwa kivuli kipi, na chenu umekivunja mwenyewe?"