Tipoyi ya Léontine

"Shusheni! Shusheni kwanza!"

Léontine alilalamika tena chini ya blanketi, na wanaume wanne wakaitua tipoyi, kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, katikati ya njia ya matope inayoteremka hospitali ya Kirotshe. Mvua ilikuwa imeikata njia ya pikipiki. Siku kama hiyo mgonjwa hubebwa.

Mumewe, Papa Athanase, aliwafikia baadaye akihema. Njia ile ina mawe, na mtu mwenye hofu hapati pumzi. Usimcheke.

"Unasikia nini, mama?" alimuuliza mkewe.

"Pumzi haipatikane. Nikilala chali, naona kama niko nazama. Na miguu imevimba."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvune maharagwe. Nilinyamaza tu."

Athanase alikaa juu ya jiwe. Alikasirika, aliogopa, akakasirika kwa sababu aliogopa. Miaka miwili nyuma, kule Kigali, yeye aliwekewa pacemaker kifuani, kimashini kidogo cha kuukumbusha moyo kupiga, na tangu hapo hakukanyaga hospitali. Waganga wa kule walimwambia arudi kwa kontrole, mashini ipimwe. Arudi kufanya nini? Mashini haiugui. Alimwambia hivyo pasta, akamwambia mkewe, akamwambia kila aliyesimama karibu naye kidogo.

"Ungekuwa na mashini kama yangu," alisema kwa upole, "haungeteseka hivi."

"Kweli, papa," Léontine akajibu. Mbebaji mmoja akakohoa.

Kilimani kwao kila nyumba hutoa mwanaume wa kubeba. Athanase walimsamehe kwa ajili ya ile mashini. Lakini mume hasamehewi kuifuata tipoyi ya mkewe mpaka mlangoni kwa muganga. Akibaki nyumbani na mke akafa, wakwe hawampi mkono kwenye kilio. Basi alifuata, tena kwa kandambili, maana viatu vya Jumapili vilimkatalia kuingia asubuhi ile.

Hata tipoyi yenyewe ilimuudhi. Ilikuwa ndefu mno.

"Patient, ulipima nani?" alimuuliza aliyeitengeneza. "Bibi yangu iko mufupi."

"Miti ilikuwa mirefu, papa."

Wakaendelea. Kila Athanase alipobaki nyuma, Léontine naye, maskini, alizidiwa, na tipoyi ikatuliwa. Kwenye mteremko wa mwisho Athanase aliomba kwa sauti, bila haya: "Ee Yezu, usiniachie nyumba tupu. Kuongea kwake nimeshazoea kuliko redio."

Chini ya blanketi, Léontine alilia. Hayo machozi yalikuwa ya kweli.

Hospitalini, muganga aliwapokea barazani. Athanase alijibu yote yeye mwenyewe, huku ameshika nguzo: pumzi, miguu, kukohoa.

"Na usiku halali hata kidogo," alisema. "Kila nikiamuka namukuta amekaa, ananiangalia tu."

Muganga alifunua blanketi, akabonyeza mguu wa Léontine kwa kidole gumba. Akabonyeza na wa pili. Athanase alifumba macho.

"Mama, hii miguu iko muzima kabisa."

Léontine alishuka kwenye tipoyi. Akafunga kitenge chake vizuri, akamshika mumewe mkono, akamlaza palepale alipokuwa amelala yeye.

"Mugonjwa njo huyu," alisema. "Miye nilikuwa namusindikiza."