Chiriku na Ukuta wa Udongo

Hebu fumbeni macho, wanangu, muuone mti wenye shimo lililozibwa kwa udongo, pamebaki ufa mwembamba tu. Ndani yumo Mama Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, na mumewe humlisha kupitia ufa huo.

Chiriku, ndege mdogo wa jirani, alipoyaona hayo, moyo ulimuuma. "Shemeji, huna haya! Mke unamfungia kama mwizi?"

Baba Hondohondo alikuwa na tunda mdomoni, hakuweza kujibu. Alimlisha mkewe, akaruka kwenda kutafuta jingine.

Chiriku akausogelea ufa. "Shoga, usilie. Leo nakutoa."

"Nani kakwambia nalia? Ngoja kwanza nikueleze..."

"Hiyo ni hofu ya mume inayosema!" Chiriku akaudonoa udongo uliolowa mvua, mpaka ukuta ukaanguka.

Ndani alimwona mama asiye na manyoya ya mbawa, amewafunika makinda wawili.

"Ukuta huu niliujenga mwenyewe," mama alisema. "Tukilea, manyoya hutunyonyoka, hatuwezi kuruka. Na nyoka anaishi kwenye mti huu huu."

Nyoka alikuwa ameshaanza kupanda. Mama alipigana naye kwa mdomo wake mkubwa hadi akamfukuza, lakini kinda mmoja alikwisha kuchukuliwa.

 Chiriku akaenda mtoni, akarudi na donge la udongo.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "niliweke wapi?"

Wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja: kabla ya kumshauri mtu, mwulizeni, kisha mngoje ajibu.