Bembea ya Mbao za Hoyt

Siku Vesta alipoitundika raketi yake ukutani, majirani walisema huzuni imemmaliza.

Kila masika, miaka yote ya ndoa yake, alikuwa akisimama kwenye baraza ya mbao nyuma ya nyumba, raketi mkononi, akiwachapa nyuki seremala huku akiwatukana kwa majina. Ni nyuki weusi, wakubwa, wasio na mzinga wala asali ya kugawia mtu. Hutoboa mbao kwa meno, tundu la duara kama la keekee, wakalea watoto humo ndani. Masika hii waliingia na kutoka, unga wa mbao ukimwagikia viatu vyake, naye akawatazama tu.

Nyuki wale walitoka kwa Coy Ledbetter, ng'ambo ya uzio. Bonde zima lilijua. Banda lake la msonobari halikuwahi kuonja rangi tangu lijengwe, na nyuki seremala hawaipendi mbao iliyopakwa rangi. Hoyt, mumewe Vesta, alimwomba Coy alipake. Akamwomba tena. Mwishowe akasema rangi atanunua yeye. Coy alicheka, akatema tumbaku nyasini.

"Nyuki hawajui uzio, Hoyt."

Ikabidi Hoyt ahangaike na matundu yake mwenyewe. Mwaka mmoja aliyaziba kwa vizibo vya mbao katikati ya baridi, nyuki wakiwa wamelala humo ndani wakingoja joto, akatembea kifua mbele, akisema amewazika hai. Masika walitoka wote, wazima wa afya, kwa matundu mapya. Vesta alicheka hadi akakaa chini.

"Hukuwazika, baba! Uliwafunika blanketi!"

Hicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho cha namna ile. Machi iliyofuata Hoyt aliegemea ukingo wa baraza, ukakatika kama biskuti. Ndani ulikuwa mtupu. Alianguka, akavunjika nyonga, na hospitali alitoka kwa jeneza.

Coy alikuja mazishini na bakuli la saladi ya viazi. Alimshika Vesta mkono, na Vesta akangoja neno moja tu, nisamehe. Angelisikia hilo, pengine mambo yangeishia palepale kaburini.

"Pole, Bi Vesta," Coy alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Si nilimwambia mwenyewe? Nyuki hawajui uzio."

Toka siku hiyo Vesta alimchukia. Alimchukia akikoroga unga wa mkate wa mahindi, alimchukia akiimba kanisani, na usingizini pia hakumpumzisha.

Kiangazi kikapita. Coy akabomoa banda lile, akawauzia watu wa mjini mbao kuukuu, maana huko siku hizi wanazipenda kupambia kuta. Mahali pake akajenga baraza pana ya mwerezi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Hakuipaka rangi, ati mwerezi ni mzuri ukiachwa kama ulivyozaliwa. Nguzo zake zilinukia mpaka kwa Vesta. Na tundu hata moja hazikuwa nalo.

Baridi ilipokaza, Vesta alichukua nyundo akaibomoa baraza yake. Watu wakadhani atazichoma zile mbao. Badala yake alijifungia nazo bandani mwake bila moto, koti begani, pumzi ikitoka kama moshi, akapima na kupiga msasa. Jumapili moja baada ya ibada akafika kwa Coy, yeye na mchungaji, na bembea ya kukalia watu wawili nyuma ya gari.

"Ni mbao za baraza ya Hoyt," alisema. "Sikuwa na moyo wa kuzichoma. Na nimechoka kubeba kinyongo, Coy."

Mchungaji alitoa kitambaa akajifuta macho. Coy mwenyewe alikohoa mara mbili. Kisha akapitisha kidole juu ya vizibo vilivyosawazishwa na mbao.

"Na hivi?"

"Palikuwa na matundu. Nimeyaziba."

"Mkono wako mzuri."

"Hoyt alinifundisha."

Coy akaiinua upande mmoja. "Basi nitaitia ndani, karibu na jiko la kuni. Nikae na joto langu."

"La!" Vesta alisema, kwa sauti iliyomshtua mchungaji. Akaishusha sauti. "Joto litaipasua. Itundike barazani, Coy, pale kwenye mwerezi. Na tafadhali usiipake rangi."

"Mimi na rangi?" Coy akacheka. "Bi Vesta, si unanijua?"

"Nakujua."

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya kusamehe saba mara sabini, na kila aliyekuwa kanisani alijua anasemwa nani. Wanawake walimletea Vesta pai za pichi. Coy, kila alipokaa, alimsifu.

Aprili, siku ya kwanza ya jua kali, Vesta alitoa kiti uani na glasi ya chai baridi. Ng'ambo ya uzio Coy alikuwa akijibembeza, kofia imemfunika macho. Halafu akaacha kujibembeza. Alijipangusa mapajani, akautazama unga wa mbao kiganjani mwake, akainama kutega sikio.

Bembea ilikuwa ikivuma.

Nyuki mweusi alitokeza kando ya kizibo, akajianika mbawa, akaruka moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya mwerezi. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine tena.

"Vesta!" Coy alipiga kelele. "Vesta, umefanya nini?"

Vesta akanywa chai yake, akaiweka glasi chini.

"Nyuki hawajui uzio, Coy."