Simu Ndani ya Mchele

Mama yake Kiama alikuwa anapoteza akili, na Kiama alikuwa anakula kwa hilo.

Kila Jumamosi mchana, kwenye uwanja mmoja wa nyama choma pale Kitengela, alipanda jukwaa la mbao, akashika maiki na kuiga sauti ya mama.

"Kiama, watu wa ramani ya simu wananiambia nipinde kushoto. Lakini kushoto ni kwa Ndeti, na sisi na Ndeti hatuongei."

Watu walicheka wakishikilia meza. Kiama hakuwa anabuni. Mama alikuwa amepiga simu kweli kutoka Kimuka, akasema hivyo hivyo.

Simu ya kwanza ilimkuta pabaya. Alikuwa amefutwa kazi kwenye machimbo ya mawe Kiserian, akawa mtu wa kulala akiangalia ukuta. Haogi, hafungui mlango. Mama akapiga.

"Yule msichana wa kusema nambari haipatikani, mimi humsalimia kila siku na hajawahi kunijibu. Amelelewa na nani?"

Kiama alicheka mbavu zikamuuma. Siku hiyo alioga. Akamsimulia kinyozi, kinyozi akamsimulia mwenye uwanja, na ndivyo alivyofika jukwaani.

Mama hakuja kumtazama hata siku moja. Alipiga tu, akauliza swali lake, akangoja.

"Umecheka?"

"Nimecheka, mama."

"Haya basi." Na simu ikakatwa.

Siku moja alipiga kwa simu ya Zipporah, rafiki yake wa ng'ambo ya barabara. Yake ilikuwa imelowa maji, na alikuwa amesikia dawa yake ni kuiweka ndani ya mchele. Sasa alitaka kujua: chumvi inatiwa kabla ya kuchemka ama baada? Nyuma yake kuna mtu alikohoa, akakohoa tena, kama aliyepaliwa na chai.

Hicho ndicho kichekesho kilichomfanya Kiama ajulikane. Kilirekodiwa, kikasambaa, akaanza kuitwa hata kwenye harusi.

Kikamfikia pia dada yake Mwihaki, anayekaa Rongai. Mwihaki hakucheka. Aliita kikao cha familia Kimuka, sebuleni kwa mama, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akacheza ile video. Wajomba waliitazama mpaka mwisho kama watu wanaotazama ajali.

"Mama huyu ndiye mnamwachia aendeshe duka?" Mwihaki akauliza. "Kesho atachoma nyumba."

Mjomba Ngigi akamgeukia mama. "Dada yangu, ni kweli ulipika simu?"

Mama alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Alimtazama Kiama, akamtazama sana. Kiama akatazama viatu vyake.

"Ni kweli," mama akasema. "Na nilitia chumvi."

Akamtazama Kiama tena, kama mtu anayengoja kitu. 

Duka likauzwa. Siku ya kukabidhi, mama alimwambia mnunuzi, bila kuinua macho, kwamba sabuni za mche zimepungua tatu. Wakahesabu. Zilikuwa zimepungua tatu.

"Bahati tu," Mwihaki akasema.

Ng'ombe wawili wa mama wakafuata kuuzwa. Akina mama wa chama cha kanisa, waliomwachia mfuko wao tangu Kiama akiwa mtoto, wakamtafuta mweka hazina mwingine. Mama akapelekwa Rongai, chumba cha nyuma kwa Mwihaki, na simu akanyang'anywa asije akatuma pesa ovyo.

Kitengela, Kiama alirudia yale ya zamani. Watu wakaanza kummalizia sentensi. Baadaye hawakummalizia tena. Waliangalia simu zao. Mwenye uwanja akamwita kando.

"Kijana, leta mpya ama uache maiki."

Ndipo Kiama akaenda Rongai. Alimkuta mama amelala, uso ukutani. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, niambie kitu. Chochote tu."

Mama alifikiri. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia.

"Huku sina mtu wa kunisikia kwanza," akasema.

Kiama alijua ni ule ugonjwa. Akamfunika blanketi akaenda zake. Jumamosi hiyo hakupanda jukwaa, wala iliyofuata.

Mama alikufa kabla ya mvua kuanza. Walimzika Kimuka. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa kumpumzisha mama huyu, ambaye akili ilimtangulia kuondoka.

Watu walipokwenda kula, Zipporah alibaki kaburini. Akamwita Kiama kwa kichwa tu.

"Alikuwa anavuka barabara kuja kwangu kwanza," akasema. "Ananiambia, 'Zipporah, sikiliza hii.' Nisipocheka, hakukupigia. Ile ya mchele tuliitengeneza siku mbili. Nusura niiharibu kwa kukohoa."

Kiama akaligeukia kaburi.

"Mbona hakuwaambia? Siku ile ya kikao, mbona hakusema?"

"Na wewe umeketi pale? Akurudishe kwa ule ukuta wako?"

Zipporah akainua mkono uliojaa udongo, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, akihesabu alivyopoteza mama.

"Duka. Ng'ombe wawili. Mfuko wa chama. Mimi."

Kidole kimoja kilikuwa kimebaki. Akakikunja nacho.

"Na akili yake, ambayo leo mmeizika mkisema haikuwepo."